Damu Ipimwe Kabla Sijazikwa

Sikilizeni, wanangu, na asiniambie mtu nipumzike, maana kupumzika kwenyewe kumekaribia na sitaki kuondoka na maneno tumboni. Kaka yangu, mjomba wenu Ngongoti, mwembamba hata suruali zake nilizibana kwa cherehani kila mara, alianguka uwanjani akicheza mpira, mkono kifuani, na kabla mwili haujapoa ninyi na mama zenu wadogo mlishapata jibu: mkewe kamlisha kitu. Mkamfukuza wifi yangu na nguo aliyovaa. Wajuzi wakubwa! Hakuna hata mmoja aliyemuuliza daktari.

Mimi nilimuuliza. Akanishika mguu, akabonyeza haya manundu ya nyuma ya kisigino, ambayo ukoo mzima mnayaita alama ya uzuri, akasema, "Mama, haya ni mafuta. Mnazaliwa nayo kwenye damu, na mishipa ya moyo inaziba mtu angali kijana." Nilipowaletea habari, mkacheka. Wewe kifungua mimba, msomi wa simu, ulisema mbele ya wageni, "Mama, kolesteroli ni ya wanene, wewe mkavu kama ukuni!" Kisha ukavitupa chooni vidonge alivyonipa daktari, ukaniwekea chupa ya maji ya kitunguu saumu, ukajiona mwana mwema. Maji yako niliyamwaga, nikaenda kuchukua vidonge vingine, na ndivyo vilivyonifikisha kwenye mvi hizi ambazo Ngongoti hakuziona.

Na wewe kitinda mimba, mbona unatazama dari? Juzi nilipomvalisha mwanao sare ya shule niliyomshonea, nikaliona nundu. Ukaniambia, "Kafanana na bibi yake." Kafanana! Mtoto anatembea na kifo cha Ngongoti kisiginoni, nanyi mnampiga picha.

Basi nyumba kaeni, mkiweza kukaa bila kung'oana macho. Chumba cha kushonea, vyerehani vyote na meza ya kukatia, ni vya wifi yangu. Huyo yuko mlangoni. Mpisheni apite, na mumsalimie kama mama yenu. Ndiye aliyekuwa akinisindikiza kliniki wakati ninyi mna shughuli, shughuli gani sijui.

Nikifa, asisimame mpumbavu yeyote kusema nimerogwa. Semeni ni moyo, semeni ni mafuta ya kurithi, semeni kwa sauti, majirani wasikie na wao wakapime. Muuguzi wa kliniki atakuja msibani, nimeshaongea naye. Kila niliyemzaa, na watoto wake, atanyoosha mkono atolewe damu. Asiyetaka asiliguse jeneza langu. Nitabebwa na wapita njia.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Nimewadharau, ndiyo, na mmenipa sababu. Lakini ni wanangu. Mungu awape uzee... uzee mrefu, wa kuchosha, mpaka wajukuu wawachoke. Nichukieni mkitaka, ila mnichukie mkiwa hai.

Wifi... sogea. Hawa watakwambia watapima kesho... watakwambia wiki ijayo. Usiwakubalie.