Fundi Jicho na Sarafu ya Baba Isiyouzwa

Marehemu, aliyejulikana na wengi kama Fundi Jicho, alizaliwa tarehe 3 Juni 1951. Hapana, mniwie radhi, tusimwongezee umri mbele ya jeneza lake. Mwaka 1951 ni wa kaka yake. Marehemu ni wa 1953. Hata mwaka nao nusura apewe mdogo. Kaka huyo ndiye aliyemwachia ziwa, ingawa waliokuwepo walisema hakuliachia, alinyang'anywa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1961. Kaka yake alikuwa mbele yake, akarudia, akarudia tena, mpaka wakajikuta dawati moja. Mwalimu wa hesabu alikuwa na neno lake kwa kaka: "Muulize mdogo wako." Wakamaliza la saba pamoja, mmoja akipigiwa makofi.

Mwaka 1970 marehemu alijifunza ufundi saa, akapata kibanda ubavuni mwa duka la vitambaa, chenye nafasi ya meza na magoti yake tu. Lenzi ilikaa jichoni kutwa nzima, ndipo jina likamganda. Watu walitania kwamba mdogo ana jicho na kaka ana kijicho. Haikuwa kweli sana.

Mwaka 1979 dada mmoja fundi cherehani alimpelekea saa ya ukutani iliyokuwa imekufa. Kaka alikuwa amemwona dada huyo kabla, ila alikuwa bado anatafuta maneno. Mdogo akatengeneza saa, na mwaka huohuo wakaoana.

Baba yao alifariki mwaka 1982. Siku chache kabla, aliwaita wote wawili kitandani, akafumba viganja. Kimoja kilikuwa na sarafu yake ya zamani yenye tundu katikati. Akasema, "Chagueni. Mdogo aanze." Mdogo akagusa cha kushoto, na sarafu ilikuwa humo. Walipotoka nje kaka alimuuliza kama baba alimkonyeza. Marehemu alitabasamu, akaanza kutia saa yake majira.

Simu zilipoanza kutaja saa, watu waliacha kuvaa saa. Mwaka 2009 binti yake mkubwa akamfungulia duka la sarafu za kale mtandaoni, kazi ya pembeni ya jioni. Marehemu alizipiga picha dirishani juu ya kitambaa cheusi, akazipima, akaandika kila kasoro. Sarafu ya baba aliiweka picha ya kwanza kama kibao cha duka. Wengi waliitaka, aliwajibu kwamba hiyo haiuzwi.

Aliyezitafuta sarafu ni kaka yake, fundi miavuli wa kutembea. Ndiye aliyeingia nyumba za watu, akaomba makopo ya vifungo na masanduku ya mabibi yafunguliwe. Wateja wa ng'ambo waliandika kwamba muuzaji ni mwaminifu, wakampa nyota tano. Miguu haikupewa hata moja. Mara moja kaka aliipata sarafu nyeusi ya fedha, akaisugua kwa jivu na limau ili naye asifiwe. Marehemu aliigeuzageuza chini ya lenzi.

"Kaka, umeisugua?"

"Ilikuwa chafu."

"Haukuwa uchafu, kaka. Ulikuwa umri."

Hakugomba. Aliandika dukani kwamba sarafu imesuguliwa, jambo linaloshusha bei ya sarafu ya kale, akaiuza kwa hasara, na mnunuzi akamsifu kwa ukweli wake. Hata kosa la kaka lilimletea nyota mdogo.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, na mikono ikawa inatetemeka. Kaka akawa anakuja kufunga mizigo. Bahasha ya kwanza marehemu aliitikisa sikioni, sarafu ikagonga ndani. Akairudisha. "Bahasha inayosema haifiki," alisema. Mwenye mkono mrefu njiani akisikia sarafu, imekwisha. Kaka akajifunza kuibana katikati ya kadi mbili. Katika kufunga huko alimuuliza tena habari ya baba. Marehemu akaomba gundi.

Alifariki nyumbani adhuhuri ya tarehe 9 Machi 2023, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mke, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu sita na kaka mmoja.

Jana shemeji alifungua droo ya meza ya kazi, akatoa bahasha isiyo na stempu, imeandikwa "Kaka" kwa mwandiko unaotetemeka. Kidole kikipita juu yake kinahisi tundu. Kaka yake bado hajaifungua. Ameitikisa sikioni, na haisemi kitu. Mikono ile mibovu iliifunga sawasawa.

Pumzika salama, mdogo wangu. Hapa sasa ni kaka anayesema. Kama baba alikukonyeza, basi alikupenda zaidi, na nilikuwa na haki yangu. Kama hakukukonyeza, ilikuwa bahati tu, na nimekuonea wivu miaka arobaini bure. Watu wote hawa ni mashahidi kwamba nimekuuliza tena: siku ile, baba alikukonyeza?