Viatu Mia vya Bi Zulekha

Bi Zulekha Awadhi anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka 31 na miezi minne ya uafisa lishe katika kituo chetu cha Kariakoo. Wengine wanasema 32. Mimi nimeliona faili.

Kazi yake ilikuwa kusoma tafiti za chakula na kuwafafanulia watu wa sokoni. Kusoma alisoma, hesabu ndizo zilizompiga chenga. Aliwahi kutangaza kwamba dagaa wakavu wana protini mara tatu ya nyama, hadi mimi, niliyejilipia chuo kwa kukaanga samaki katika soko la Feri, nikamkumbusha kwamba nyama ilipimwa ikiwa mbichi, na maji yake.

Mwaka 2019 gazeti moja liliandika kuwa kula soseji kila siku kunaongeza hatari ya saratani ya utumbo kwa asilimia 20. Bi Zulekha akasimama katika soko la Mchikichini akasema katika kila walaji mia, ishirini wataugua. Wiki nzima wakaanga soseji hawakupata mteja. Mmoja wao, Severa, alikuja ofisini kwetu analia.

Nilikaa na utafiti wenyewe siku tatu. Kumbe hatari ilipanda kutoka watu watano katika mia hadi sita. Nikaandaa jedwali la kurasa nne.

Hakulitumia. Alirudi sokoni, akaazima viatu mia kwa Mudi wa mitumba, akavipanga chini, akapindua vitano, kisha kimoja zaidi. Akakiri mbele ya wote kwamba alikosea, kwamba hesabu ni ya Filbert, yaani mimi, na kwamba huyo wa sita naye ni mtu, kwa hiyo soseji isiwe ya kila siku wakati maharage na dagaa vipo. Mudi akadakia: “Mama, ukimaliza nipangie jozi zangu, nisije nikamuuzia mtu kushoto mbili!”

Soko likacheka, likaelewa. Severa akawasha jiko. Tangu siku ile somo hilo linaitwa viatu vya Bi Zulekha. Jina langu lilitajwa mara moja, na nadhani nililisikia peke yangu.

Kuanzia Julai darasa lake la Alhamisi ni langu. Waliojiandikisha kumuaga ni 112. Darasani kwangu, tisa. Ameahidi kuja kukaa benchi la mbele ili tufike kumi. Nimemwomba, kwa heshima zote, asije. Wote watamgeukia yeye.

Bi Zulekha, ahsante kwa kunitaja. Wenzako tunakuombea afya njema, wajukuu watulivu na mapumziko marefu, hasa siku za Alhamisi.