Chujio Ambalo Fundi Nzilani Hakulitupa

Baada ya miaka ishirini na tisa katika karakana ya kampuni yetu ya mkate, Fundi Nzilani Mutinda anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Alianzia Thika akiosha vyuma kwa dizeli, akaja Ruiru karakana ilipohamishwa, na hakuna lori letu ambalo hajawahi kulifungua injini.

Wageni humshangaa anavyosikiliza. Huegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho, na anayepiga domo wakati huo hujuta. Kisha huvuta kijiti cha oili na kukinusa. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Ameiona rangi hiyo mara nyingi hadi chai yenyewe ikamshinda. Yeye ni strungi tu, chai isiyo na maziwa, na mandazi yetu huyapunguza bila huruma.

Hata hivyo hatamki ugonjwa kabla ya kufungua. Kwake, injini iliyofungwa haina shahidi.

Miaka sita iliyopita lori moja lilianza kugonga ndani ya injini likiwa Mwiki, likazima mikate ikiwa bado ndani. Dereva wake, Chege, alilaumiwa kwamba ameendesha bila oili. Kijiti kilionyesha oili imejaa, lakini meneja wetu, Bwana Kinyanjui, alisema imeongezwa baada ya injini kuharibika. Chege alikuwa wa kuachishwa kazi, na nyumbani alikuwa na mtoto mchanga.

Fundi Nzilani akafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili ilikuwemo ya kutosha, lakini beringi zinazoubeba mhimili wa injini zilikuwa zimelika kwa kukosa oili. Chujio ambalo oili huvutwa kupitia kwake lilikuwa limezibwa na vipande vya silikoni ya kuzibia. Sampu ile aliifunga yeye mwenyewe mwezi uliotangulia. Alipaka silikoni kwa mkono mzito, na iliyozidi ikameguka ikaangukia ndani.

Alikuwa peke yake chini ya lori. Angelipangusa chujio kwa kitambaa na mambo yangeishia hapo, maana cheo cha msimamizi kilikuwa kinamngoja. Badala yake alitoka akamwekea meneja chujio mkononi: "Hii silikoni ni mimi niliweka. Huyu Chege mumuache afanye kazi."

Cheo kilienda kwa mwingine. Yeye akapeleka krenki, yaani mhimili ule, kuchongwa, akaweka beringi mpya, na tangu hapo hupaka silikoni kama mtu anayegawa siagi ya kukopa. Tukimtania, hucheka kutushinda.

Chege ndiye anayeandika haya. Fundi, sijawahi kukushukuru inavyostahili, kwa sababu nilikuwa naona haya mbele ya watu. Asante. Mtoto yule sasa anasoma gredi ya kwanza.

Sote tunakutakia mapumziko mema nyumbani Ngoingwa, afya njema, na strungi isiyokatika. Lori lile bado naliendesha mimi, na kila asubuhi hupita karibu na kwako likipeleka mkate. Ukilisikia, tega sikio kidogo. Haligongi.