Mwalimu Tunu Majidi, Aliyewangoja Watoto Waseme

Ijumaa ya tarehe 5 Desemba 2025, saa sita mchana, Mwalimu Tunu Majidi atakabidhi ufunguo wa darasa la awali baada ya kuutunza kwa miaka ishirini na minane kasoro mwezi mmoja. Alipoanza kazi hapa Shule ya Awali na Msingi Najiat, Januari 1998, shule ilikuwa vyumba viwili vya kupanga pale Chemchem, watoto kumi na tisa, na choo kimoja ambacho mlango wake ulifungwa kwa kamba.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Sixbert Luhende wa hisabati, kazi ya kuandika wasifu huu. Nadhani wamekosea, maana nina jambo langu ndani yake. Binti yangu Recheli ana miaka mitano, Januari anatakiwa aanze darasa la awali, na mpaka wiki iliyopita nilikuwa sijui nimpeleke shule gani. Ndiyo, mimi, mwalimu wa Najiat. Nitaeleza, ila tuanze na mwenye siku yake.

Mwalimu Tunu alizaliwa hapa hapa mjini Tabora, mtoto wa fundi cherehani aliyewashonea kanzu nusu ya wanaume wa mtaa wake. Baada ya chuo cha ualimu alipangiwa Ziba, wilayani Igunga, akafundisha huko miaka saba kwenye shule ya serikali. Wazee wa kule walipomwona binti wa mjini, mwembamba, na baibui lake, wakampa miezi mitatu awe ameshakimbia. Alirudi mjini kwa hiari yake, akiwa na Kisukuma safi kuliko changu, na mimi ni Msukuma wa kuzaliwa.

Mji huu umejaa maofisa, madereva na wauza asali waliopita mikononi mwake, na wote anawaita kwa majina yao ya utotoni, hata mbele ya wake zao. Mwaka juzi alikuja mkaguzi mmoja na faili zito, na kabla hajakaa akaambiwa afunge kamba ya kiatu. Akafunga. Ukaguzi ulikwenda vizuri. Kwa upande wa pili, ili nisionekane nimehongwa, niseme kwamba hajawahi kufika mapema kwenye kikao cha walimu hata kimoja, na kwamba katika kuficha chaki nzima na kuwaachia wenzake vipande, hana mpinzani mkoa mzima.

Sasa nije kwenye usaili, maana huko ndiko alikotubadilisha.

Kila Oktoba wazazi huanza kuzunguka mji na watoto wao wakitafuta shule. Wanahesabu madirisha, wanauliza kama basi ni jipya, wanashika kitambaa cha sare kama wananunua doti ya kitenge. Kisha mtoto anaingizwa kwenye usaili akiwa amekaririshwa njia nzima. Yupo mmoja aliulizwa kwa Kiingereza jina la mama yake, akajibu, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba hajambo, asante. Tulimpokea. Fomu yetu ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Anajibu kwa kujiamini", na yule alijiamini kweli.

Walioumia ni watoto waliolelewa vizuri. Kwetu huku, awe wa familia kongwe za mjini au wa wafugaji wa Igunga, mtoto mwenye adabu hutoa shikamoo, hupokea marahaba, kisha huinamisha macho na kunyamaza. Kujibizana na mtu mzima asiyemjua ndiko kukosa malezi. Sisi walimu tulilelewa hivyo hivyo. Lakini tulikaa watatu nyuma ya meza na kuwapa sifuri watoto waliofanya kile mama zetu walichotufundisha, na miaka ikapita bila yeyote kati yetu kushtuka.

Oktoba 2011 nilikuwa na mwaka mmoja kazini, na kalamu ya jopo ilikuwa mkononi mwangu. Akaingia mfugaji kutoka Ziba, mzee Shilinde, na binti yake Minza, wa miaka sita. Alitaka mtoto akae kwa shangazi yake hapa Chemchem na asome kwetu. Shule mbili za mjini zilikuwa zimeshamkataa. Minza alitupigia magoti, akatoa shikamoo tatu, moja kwa kila mwalimu, kisha akanyamaza. Nikauliza rangi. Nikauliza namba mpaka kumi. Nikahama Kiingereza nikaenda Kiswahili. Kimya. Nikaandika "Hayuko tayari" na kumpa baba fomu.

Mzee Shilinde aliikunja vizuri, akaitia mfukoni. "Haya, mwalimu," alisema. "Kumbe mtoto wangu ni mzito, na mimi sikujua. Nitamrudisha kwenye ng'ombe."

Mwalimu Tunu hakuwa kwenye jopo. Alikuwa barazani anamenya karanga za chai ya walimu, akawaona wanatoka. Alimwamkia mzee kwa Kisukuma, mwangaluka, akampa kiti. Mtoto hakumuuliza neno. Alimsogezea ungo tu, wakaanza kumenya wote wawili, na mikono ya Minza ilipokolea kazi, mdomo ukafunguka wenyewe. Kwanza alimnong'oneza kwamba yule mwalimu wa ndani amekosea kufunga vifungo vya shati. Nilijiangalia baadaye, ni kweli. Kisha akamtajia ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja kwa majina, wakafika thelathini na wawili, na akaeleza ni yupi mwenye mimba.

Mwalimu Tunu alimwomba mzee fomu ile, akaja nayo mezani kwangu. "Luhende, mtoto amekupa adabu, wewe umemrudishia sifuri," aliniambia. Sijawahi kupata aibu ya namna ile, na ninashukuru niliipata mapema.

Lakini majina yalikuwa yameshabandikwa ukutani, na marehemu Bi Najiat, mwanzilishi wetu, hakuwa mtu wa kubandua karatasi. Ndipo Mwalimu Tunu akasema atamchukua Minza kwa dhamana yake: mtoto asipofungua mdomo darasani kufikia likizo ya Pasaka, yeye mwenyewe ataacha kazi. Bi Najiat akakubali papo hapo, kwa sauti ambayo haikuwa ya utani.

Januari ikaisha, Minza kimya. Februari kimya. Tulimshauri Mwalimu Tunu amsukume kidogo, akakataa. Akaendelea kumpa kazi za mikono na kumngoja. Machi katikati alianza kuonekana amekonda, na nilijua anawaza kwao, maana mshahara wake ndio uliokuwa unamtunza mama yake mgonjwa. Siku nne kabla ya likizo, mvulana mmoja alikanyaga tuta la mchicha la darasa. Minza akasimama akamkemea, kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika ofisini kwa Bi Najiat, na hakunyamaza mpaka mvulana alipoomba radhi kwa mchicha. Bi Najiat alitoka nje, akasikiliza, akarudi ndani. Karatasi ya ukutani ilibanduliwa jioni ile.

Minza hakuwahi kuwa wa kwanza darasani. Mara nyingi alikuwa wa kumi na tisa. Leo anasimamia duka la dawa za mifugo kule Ziba, na wateja wanalalamika kwamba anaeleza mno.

Tangu mwaka ule usaili wetu hufanyika barazani, kwa ungo wa karanga, na Mwalimu Tunu ndiye mwenye ungo. Wapo watoto waliokula mtihani wote. Yupo baba aliyevaa suti aliyedai mtihani wa kweli, akapewa ungo na yeye, akamenya nusu saa, akaondoka ameridhika. Na wapo wazazi aliowarudisha yeye mwenyewe. Wazazi wa Isikizya walipomleta mtoto wa miaka minne, aliwauliza ataamka saa ngapi kuwahi basi, wakataja saa kumi alfajiri, akawaambia wamtafutie shule ya karibu na kwao, alale. Bi Najiat alikuna kichwa, lakini hakumkatalia.

Sasa jambo langu. Recheli wangu, zaidi ya shikamoo, hasemi na mtu yeyote nje ya nyumba yetu. Haongei kanisani, haongei dukani, na bibi yake mzaa mama ilimchukua mwaka kupata neno. Niliposikia Mwalimu Tunu anastaafu, niliingiwa na hofu, nikaanza kuzunguka shule nyingine kwa siri, kofia usoni, kama wazazi wale wale ninaowacheka. Nilifika tatu. Zote nzuri, zote zina meza na watu watatu nyuma yake.

Mji wetu ni mdogo, habari zikamfikia. Hakukasirika. Aliniuliza kwa nini, nikamjibu kwamba yeye hatakuwepo. Akanikumbusha kwamba Oktoba hii aliniachia ungo mara sita akisema anakwenda kuangalia chai. Chai ilikuwa tayari mara zote sita. Watoto wale sita niliowapokea peke yangu, alisema, hakuna aliyekuwa rahisi.

Jumamosi iliyofuata alikuja nyumbani. Recheli alimletea maji, akatoa shikamoo, akapokea marahaba, akajibanza nyuma ya mlango. Mwalimu Tunu alikaa saa mbili bila kumuuliza kitu. Alisaidia kuchambua mchele, akazungumza na mke wangu habari za mji, na polepole mtoto akasogea, akakaa, akachambua naye. Hakusema. Mgeni alipokwisha kuvaa viatu, Recheli alimfuata mpaka kizingitini akamuuliza, wazi kabisa, sote tukasikia: "Utarudi lini?"

"Jumamosi," alisema Mwalimu Tunu.

Jumatatu nilijaza fomu ya Najiat. Nitampeleka binti yangu kwa walimu aliowafundisha kungoja, na mmoja wao ni mimi, niliyekosea kwa Minza.

Mwalimu Tunu, asante kwa kila mtoto uliyemngoja. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usiokatwa na kengele, na miaka mingi ya furaha na wote uwapendao. Pumzika. Ila Jumamosi usichelewe kama vikaoni, maana kuna mtu ameshanieleza mara nne leo tu kwamba unakuja.