Marehemu Violeth Nandonde na Mzigo Aliouogopa

Wafiwa, majirani wa Ilala, wafanyabiashara wenzake wa Kariakoo, nanyi ndugu zetu mliosafiri kutoka Kusini: mimi ni Ignasi, mdogo wa marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake. Yeye mwenyewe aliniomba nisimpambe. Alisema, “Usiwaambie nilikuwa jasiri. Waambie nilikuwa mwoga, maana ndivyo nilivyokuwa.” Basi nasema kama alivyotaka.

Marehemu Violeth Zakayo Nandonde alizaliwa tarehe 9 Juni 1974 katika kijiji cha Mwena, Ndanda, wilayani Masasi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Zakayo Nandonde, aliyekwisha kututangulia, na Mama Angelina, ambaye tuko naye hapa. Tulipokuwa tukienda kuokota korosho, aliogopa nyoka kuliko sisi sote. Hata hivyo ndiye aliyetangulia na fimbo, akipigapiga nyasi, kwa sababu aliogopa zaidi nyoka asije akatuuma sisi wadogo tuliomfuata. Woga wake ulikuwa wa namna hiyo maisha yake yote: haukumrudisha nyuma, ulimsukuma mbele huku akitetemeka.

Alisoma Shule ya Msingi Mwena, kisha sekondari mjini Masasi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1993. Mwaka uliofuata alikuja Dar es Salaam kwa shangazi yetu aliyeishi Ilala, akaanza kuuza viatu vya mitumba katika soko la Mchikichini. Baadaye aliajiriwa na Mzee Harshad, aliyekuwa na duka la vyombo vya jikoni kule Mchafukoge. Mzee Harshad yuko nasi leo. Ndiye aliyemfundisha kushika bidhaa mkononi kabla ya kuiamini, na ndiye aliyemwambia neno ambalo dada alipenda kulirudia: “Sampuli ni mchumba, Violeth. Mzigo ndio mke.”

Mwaka 2001 alifunga ndoa na Bwana Heriel Mbwambo, fundi wa magari wa eneo la Gerezani. Walijaliwa watoto wawili, Shukuru na Goodluck. Shemeji husimulia kwamba siku ya kuvishana pete bibi harusi alitetemeka mikono mpaka padri akamwuliza kama ana homa. Alijibu kwamba hana, anaogopa tu kukosea.

Mwaka 2006 alipanga fremu yake ya duka Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, akiuza majiko ya gesi na vifaa vyake. Mwanzoni alinunua kwa wafanyabiashara wakubwa, kisha akaanza kuchangia kontena na wenzake, na hatimaye akaenda China mwenyewe. Kwenye ndege hakula kitu, rozari haikutoka mkononi. Lakini akifika kiwandani alikuwa mtu mwingine. Alifungua boksi baada ya boksi, akakataa mbele ya wenye kiwanda kile asichokipenda, na mkalimani wake akawa hana pa kujificha kwa aibu.

Ndipo ikaja korona, safari zikafungwa. Mwishoni mwa mwaka 2020 aliagiza kwa picha za simu, kwa mara ya kwanza, mzigo ambao hakuuona ukipakiwa. Zilikuwa regulata, yaani kile kichwa kinachofungwa juu ya mtungi wa gesi, zenye kishikio chekundu. Sampuli ililetwa kwa ndege, akaijaribu, ikawa nzuri. Mzigo wenyewe ulifika Machi 2021 na ukatoka haraka, kwa sababu wanunuzi wa jumla wa Lindi, Mtwara na Masasi walikuwa wakiusubiri.

Mwezi wa Mei alikuja dukani Bi Zulekha, mama lishe wa Mchikichini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua, umefungwa bandeji mpaka juu ya kiwiko. Dada alisimama. Bi Zulekha akaiweka regulata yake ya kishikio chekundu juu ya kaunta na kusema kwa upole, “Mama Shukuru, sijaja kugombana. Nimekuja uone.”

Dada alimwomba akae. Akafunga regulata nyingine, mpya, juu ya mtungi, akapaka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likaanza kuchemka, gesi inavuja. Akajaribu ya pili, ikatulia. Ya tatu ikachemka. Mzee Harshad, aliyeitwa kwa simu, anasema alimkuta Violeth amekaa chini sakafuni katikati ya maboksi, mlango wa duka umefungwa mchana kweupe.

Shemeji alikuja kutoka Gerezani na spana zake, akazifungua regulata zile. Mpira wa ndani haukuwa ule wa sampuli. Ulikuwa mgumu na unavunjika kama ganda la yai. Waliwaandikia wenye kiwanda. Jibu likaja kwamba wateja wengine hawajalalamika, na kwamba mzigo ujao watampunguzia bei.

Shemeji ameniruhusu niyasome yaliyofuata. Alimwambia mkewe, “Tukilisema hili tumekwisha. Duka limekwisha, na wanaweza kutufunga.”

Dada akamjibu, “Naogopa hayo yote, Baba Shukuru. Lakini nikinyamaza nitaogopa zaidi.”

Shemeji hakubishana tena. Siku hiyohiyo ndipo dada alipokumbuka kwamba regulata moja alikuwa amempelekea Mama, pamoja na jiko jipya la zawadi.

Simu ya Mama haikupatikana. Akanipigia mimi, niliyekuwa nikifundisha Masasi mjini, na sauti yake sikuitambua. Aliniambia tu, “Nenda kwa Mama. Asiwashe.” Nilichukua bodaboda. Njia nzima alikuwa akinipigia, akikata, akipiga tena. Tulipokaribia nyumbani niliona moshi juu ya paa la jikoni. Nikashuka kabla pikipiki haijasimama.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachochea kuni. Jiko na regulata vilikuwa kabatini, ndani ya maboksi yake, chini ya vitenge vyake vya Jumapili. Nilipomwuliza kwa nini hakuvitumia, alisema, “Kitu kizuri vile cha mwanangu nikakitie masizi?” Kisha akaongeza kwamba, kusema kweli, gesi anaiogopa. Nilimpa simu aongee na dada. Alisikiliza kwa muda mrefu, kwa sababu upande wa pili hapakuwa na maneno, kulikuwa na kilio tu.

Kuanzia hapo dada aliutafuta mzigo wake. Alisimama kanisani baada ya misa, akaeleza. Jirani yake wa dukani alimwombea ruhusa kwa imamu, likatangazwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Alikwenda redioni. Alisafiri na shemeji mpaka Lindi, Mtwara na Masasi, akiingia duka kwa duka. Wapo waliomrudishia na kumshukuru. Wapo waliomtukana. Hapa Kariakoo waliokuwa rafiki zake walimwambia anawaharibia soko, na kwa muda wateja walipita mbele ya fremu yake kama vile moto umo ndani. Regulata zilizorudi shemeji alizivunja kwa nyundo Gerezani, dada akiwa amesimama pembeni mpaka ya mwisho.

Si zote zilizorudi. Hilo lilikaa naye. Akisikia king'ora cha zimamoto aliacha anachofanya, akauliza ni wapi. Siku moja nyumba iliungua Tandika, akaenda kusimama penye majivu, akawauliza majirani wale watu walikuwa wakipikia nini. Walimwambia mkaa. Alirudi nyumbani akalala siku nzima kama mtu aliyepona ugonjwa.

Duka liliinuka tena polepole. Hakuuza regulata tena bila kuipaka povu mbele ya mnunuzi. Bi Zulekha, ambaye dada alimuuguza mpaka mkono ukapona, alianza kumletea chakula cha mchana, nao wakawa ndugu.

Agosti 2024 dada alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Alichelewa kwenda kupimwa kwa kuogopa majibu. Alipokwenda, madaktari walimwambia ana moyo mpana. Alitibiwa kwa karibu mwaka mzima, na mara ya mwisho alilazwa hospitalini Upanga. Siku mbili kabla ya kutuacha alinishika mkono na kusema, “Kufa kunanitisha, Ignasi, lakini zile regulata zilizobaki zinanitisha zaidi. Siku ya kunizika watu watakuwa wengi. Watangazie.”

Alifariki Alhamisi, tarehe 18 Septemba 2025, asubuhi, Bi Zulekha akiwa amemshika miguu na shemeji akiwa kichwani pake.

Marehemu ameacha mume, Bwana Heriel. Watoto wawili, Shukuru na Goodluck. Mama mzazi, Bi Angelina. Sisi wadogo zake. Na dada aliyempata ukubwani, Bi Zulekha wa Mchikichini.

Sasa nalitekeleza agizo lake. Mwenye regulata ya kishikio chekundu iliyonunuliwa mwaka 2021 Mtaa wa Mchikichi, Lindi, Mtwara au Masasi, au anayemjua mwenye nayo, asiitumie. Tafadhali tokeni mkafunge gesi, hata kama ibada haijaisha. Mpigieni simu mliyemwacha nyumbani akipika. Marehemu hatawalaumu kwa kuondoka, atawashukuru.

Kazi ya kuogopa kwa ajili yetu ameimaliza. Mungu ampokee Violeth, naye alale kwa amani.