Loisi Binti Josephat, Mtoto Aliyerukwa

Marehemu mama yetu, Loisi, alizaliwa tarehe 12 Machi 1959 kijijini Itaka, Mbozi, mtoto wa pekee wa bibi yetu Felista, Mnyiha. Jina la baba yake, Josephat, alikatazwa kulitumia. Leo mimi Edina, mwanawe wa kwanza, nalisoma kwa sauti, na asiyependa azibe masikio.

Alisoma Shule ya Msingi Itaka, 1968 hadi 1974. Wenzake walipomuuliza baba yako yuko wapi, alijibu alivyofundishwa: alifia migodini Zambia. Uongo mtupu.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na baba yetu, Yonasi, hapa Nanyala. Mwaka 1986, biashara zilipofunguka, alianza kuuza maharage Tunduma. Wateja wa ng'ambo ya mpaka, Zambia, walimwita Bana Edina, yaani Mama Edina. Alibembeleza kwa Kibemba, aligomba kwa Kinyiha, na mteja aliyevuta bei mno aliambiwa, "Chukua bure basi, na mimi nichukue ukanilishe!" Kinamwanga alijifunza ukubwani, na sababu yake ni hii.

Mwaka 1988 bibi Felista, akiwa kitandani hawezi, alimwambia ukweli: baba yako ni Mnamwanga, yu hai, ni mzee wa kanisa Msangano. Mama alikwenda. Mzee Josephat alimtazama, akampa maji, akasema, "Mwanangu, nakujua. Ila usiniite baba mbele ya watu." Jamani! Mzee wa kanisa!

Mama hakukata tamaa. Kila msiba wa ukoo ule alikwenda na unga na kuni, akapika, akasalimia kwa Kinamwanga chake cha kujifunza. Alitaka kitu kimoja tu: waseme huyu ni wetu.

Mzee Josephat alifariki Juni 2003. Watani wa ukoo wakapita na majivu, wakiwapaka watoto wa marehemu na kuwatania, maana ndivyo watu wanavyowatambua. Mtani alipomfikia mama, baba yake mdogo akapaza sauti: "Huyo mruke. Huyo mpishi." Akarukwa. Alirudi nyumbani uso wake safi, akakaa kitandani akilia, nasi watoto wake tukimwona. Mimi sijasamehe, na mchungaji asinihimize leo.

Aliugua kansa kuanzia Oktoba 2011. Tulituma ujumbe Msangano mara mbili, kwa kuwa alikuwa akiwauliza. Hakuja mtu. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Agosti 2012, mkono wake mkononi mwa baba.

Jana jioni wakaja! Wazee saba na gari la kukodi. Mdogo wangu Lusungu ni diwani tangu 2010, kwa hiyo damu imekumbukwa. Wameomba mama akazikwe Msangano, na wao wasomwe hapa kama ndugu zake. Baba, kwa upole wake, alitaka tukubali ili yaishe. Tulibishana naye, mwisho akasema, "Edina, wewe ndiye msomaji."

Haya, nasoma. Mama Loisi ameacha mume, Mzee Yonasi. Watoto watatu, Edina, Lusungu na Miriamu. Na wajukuu watano. Ndugu zake wameishia hapo. Wageni wetu kutoka Msangano, poleni kwa safari, mtakaribishwa chakula baada ya mazishi.

Pumzika kwa amani, mama. Hapa uko kwenu.