Silvère Niyonzima na Swali la Kazi

Padri wetu, wazee, majirani wa Nyakabanda na ninyi mliosafiri kutoka Bujumbura, mimi ni Gratien, mdogo wake Athanasie, mjane wa marehemu, na dada ameniomba niwasomee maisha ya mumewe bila kuficha lile lililomsumbua, kwa kuwa mwenyewe hakulificha.

Silvère Niyonzima alizaliwa tarehe 12 Machi 1938 mtaani Buyenzi, Bujumbura, wakati mji ukiitwa Usumbura, akiwa mtoto wa tatu wa fundi viatu, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1945 hadi 1951, kisha akajifunza upimaji ardhi Astrida, mji tunaouita leo Butare, akahitimu mwaka 1957. Alipima viwanja Bujumbura hadi 1965, akahamia Kigali, na tangu hapo hatukupumzika, maana kila alipoketi mezani alilinganisha miji hii miwili, upana wake, watu wake na ajira zake, hadi chakula kikapoa.

Alifunga ndoa na Athanasie Jumamosi tarehe 8 Agosti 1964, Bujumbura, wakajaliwa watoto watatu, Évode, Kamikazi na Arnaud. Walipohamia Nyakabanda, mtaa huu wetu wa Kigali, dada yangu alishona sare za shule barazani, na miezi ambayo mshahara ulichelewa, cherehani ndiyo iliyolisha nyumba.

Mwaka 1990 ofisi ya mipango ya miji aliyoitumikia ilimpa asimamie uchunguzi wa kulinganisha Kigali na Bujumbura, ukubwa wa kila mji na wingi wa watu wenye kazi katika kila hekta. Kule Bujumbura wenzake waliuliza kwa Kiswahili, unafanya shughuli gani, lakini huku yeye aliandika swali kwa Kinyarwanda, ufite akazi, yaani una kazi, naye mtoto wa Buyenzi, aliyekulia kwenye Kiswahili ambamo kazi ni shughuli yoyote, akasahau kwamba hapa kwetu akazi ni ile yenye bosi na mshahara wa mwezi. Seremala akajibu hana, muuza mkaa akajibu hana, na alipofika barazani kwake, Athanasie akamjibu, mguu ukiwa bado kwenye cherehani, "Kazi sina, niko nashona tu," wakacheka wote wawili, naye akaandika hana.

Ripoti ilitoka Machi 1991, ikaonyesha kwamba Kigali imetawanyika vilimani, na kwamba Nyakabanda karibu haina kazi ikilinganishwa na mitaa ya Bujumbura, hivyo wakubwa wakaamua mtaa huu uwe wa kulala tu, na vibanda vya mafundi viondolewe. Silvère alipolisikia tangazo ndipo alipotambua kosa lake, akaomba uchunguzi urudiwe, akaambiwa nchi iko vitani, akaomba tena, na Juni 1992 vibanda vikabomolewa, na baraza la dada yangu pia. Inatuuma kusema kwamba mkono uliomwandika Athanasie hana kazi ulikuwa wa mumewe, na mume huyo alilia mbele yetu sote.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 1992, akalazwa hospitalini Oktoba, na kila mwenzake wa ofisini aliyekuja kumwona aliulizwa kwanza kama ombi lake limejibiwa. Alifariki Jumamosi tarehe 21 Novemba 1992, akiwa na miaka hamsini na minne, bila kupata jibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, tunawashukuru wafanyakazi wenzake, hasa Bwana Sangwa aliyeahidi kuendelea kuomba uchunguzi ule urudiwe. Majirani, ninyi mliopoteza vibanda kwa sababu ya ripoti yake, dada anawaomba msamaha kwa niaba ya mumewe, nasi tumeona jibu lenu, kwa kuwa jeneza hili limetengenezwa na Évariste seremala, sanda imeshonwa na mafundi wenzake Athanasie, na tangu asubuhi hakuna nyundo wala cherehani iliyosikika mtaani.

Shemeji, pumzika sasa kwa amani, Nyakabanda imeacha kazi leo ije kukuzika.